Likasi: Jiwe la Shinkolobwe, umri wa dunia na swali la kuaminika kwa Biblia

Katika komini ya Kikula, moja ya komini nne za mji wa Likasi, mkoa wa Haut-Katanga, swali hili huanzia nyumbani. Mtoto wa sekondari anarudi na daftari lake: mwalimu amefundisha kwamba dunia ina miaka miliari 4,5, ni kusema miaka milioni 4.500. Siku ya Mungu mtoto yuleyule anakaa kanisani na kumsikia mhubiri akisema kwamba dunia haijapita miaka 6.000. Wakati wa chakula anamuuliza baba au mama: nani anasema kweli? Na kama mhubiri amekosea juu ya umri wa mawe, tutamwamini vipi anapotuhubiria juu ya Yesu?

Si swali dogo. Kuna vijana wanaoacha kanisa kwa sababu yake, na kuna wengine wanaokimbia masomo ya sayansi kwa kuogopa kupoteza imani. Hapo katikati, simu zinaendelea kupokea ujumbe wa kila aina. Mmoja unadai sayansi imethibitisha Biblia yote, mwingine unadai sayansi imeitupa Biblia yote. Mzazi anabaki bila la kusema.

Likasi ina sababu yake ya kujali jambo hili. Kilomita 20 hivi kutoka mjini, upande wa magharibi, katika nchi ya Basanga, kuna mgodi wa zamani wa Shinkolobwe. Watu wengi wanajua kwamba sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani kutengeneza bomu la Hiroshima, tarehe 6 mwezi wa nane 1945, ilitoka huko. Wachache wanajua kwamba urani hiyohiyo ni saa. Inahesabu miaka ya mawe, na inaweza kuhesabu hata miaka ya kazi za watu wanaotajwa katika Biblia.

Mgodi uliojulikana dunia nzima

Mwingereza Robert Sharp aligundua madini ya Shinkolobwe mwaka wa 1915, na kampuni ya Union Minière ikaanza kuyachimba mwaka wa 1921. Wakati huo walitafuta radi, chuma cha bei kali sana kilichotumiwa na waganga kutibu kansa. Urani yenyewe haikuwa na soko kubwa. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na utajiri wa ajabu: mengine yalikuwa na zaidi ya asilimia 60 ya oksidi ya urani, wakati migodi mingine ya dunia ilifurahia kupata chini ya asilimia moja.

Wataalamu walikuta huko madini ambayo hayakuwa yamejulikana popote. Walipoyapa majina, waliwakumbuka wanafizikia wa mionzi: curite kwa heshima ya Pierre Curie, sklodowskite kwa heshima ya mke wake Marie Sklodowska Curie, na becquerelite kwa heshima ya Henri Becquerel, Mfaransa aliyegundua mwaka wa 1896 kwamba urani inatoa mionzi yenyewe, bila kuchomwa wala kuguswa. Kwa hiyo, fizika ya kisasa ina kumbukumbu zake ndani ya udongo wa Likasi, ijapokuwa wakaaji wengi hawajawahi kuambiwa.

Mwaka wa 1940 mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alituma tani 1.200 hivi za mawe hayo New York. Miaka miwili baadaye jeshi la Marekani likayanunua. Yaliyofuata yanajulikana. Serikali ya Kongo ilipiga marufuku uchimbaji wa Shinkolobwe mwaka wa 2004, na mwaka huohuo sehemu ya mgodi ilibomoka na kuua wachimbaji wadogo waliokuwa bado wanaingia. Mawe ya huko si ya kuweka nyumbani wala si ya watoto kuchezea, kwa sababu yanatoa mionzi na gesi inayodhuru mapafu.

Saa inafanyaje kazi?

Wakati umeme unapokatika usiku, watu wanawasha mshumaa. Anayerudi nyumbani akakuta mshumaa umebaki nusu, na anajua mshumaa wa namna hiyo unaisha kwa saa ngapi, anaweza kukadiria umeme ulikatika saa ngapi. Hakuwapo ulipowashwa, lakini mshumaa wenyewe unamweleza.

Urani inafanana na huo mshumaa, kwa tofauti moja. Atomu zake zinapasuka kidogo kidogo na kugeuka, hatua kwa hatua, mpaka zinakuwa madini ya risasi, ile metali nzito. Kwa urani ya kawaida, nusu ya atomu zinageuka kwa muda wa miaka miliari 4,47. Nusu ya zile zinazobaki zinageuka kwa muda mwingine kama huo, na kuendelea hivyo. Hakuna mtu anayeweza kusema ni atomu gani itapasuka leo. Fizika ya karne ya 20 ilionyesha kwamba jambo hilo haliwezi kutabiriwa kwa atomu moja moja. Lakini zikiwa nyingi sana, mwendo wao wote pamoja ni wa uhakika. Mtaalamu anapima urani iliyobaki ndani ya jiwe na risasi iliyozaliwa, kisha anapiga hesabu.

Jiwe la Shinkolobwe lenyewe limepimwa hivyo. Mnamo 1961 Lucien Cahen, mkurugenzi wa jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya urani ya Katanga: zaidi ya miaka milioni 600. Vipimo vya karne hii vimeonyesha vipindi viwili vya madini hayo, kimoja cha karibu miaka milioni 650 na kingine cha karibu miaka milioni 530. Kwa dunia nzima, Mmarekani Clair Patterson, ambaye wakati wa vita alifanya kazi katika mradi uleule wa bomu, alipima risasi ndani ya vimondo na kutangaza mwaka wa 1956 umri wa miaka miliari 4,55. Tarakimu hiyo haijabadilika sana mpaka leo.

Wengine wanauliza kwa haki: nani anajua kama zamani saa hiyo haikukimbia zaidi? Jibu moja linatoka Afrika, huko Oklo nchini Gabon. Mwaka wa 1972 wataalamu wa Ufaransa waliona kwamba urani ya mgodi huo ilikuwa imepungukiwa na aina moja ya atomu. Walipochunguza, waligundua kwamba karibu miaka miliari 2 iliyopita mawe ya Oklo yalikuwa yamewaka yenyewe ardhini kama tanuru la atomu. Mabaki yake yanaonyesha kwamba kanuni za atomu za wakati ule hazikuwa tofauti na za leo.

Miaka 6.000 inatoka wapi?

Hapa inafaa kusema jambo ambalo waumini wengi hawajaambiwa. Hakuna mstari wa Biblia unaosema dunia ina miaka 6.000. Hesabu iliyojulikana sana ni ya James Ussher, askofu mkuu wa Kianglikana wa Armagh huko Ireland. Mwaka wa 1650 alijumlisha umri wa mababu na miaka ya wafalme wanaotajwa katika Maandiko, akafikia mwaka wa 4004 mbele ya Kristu. Baadaye tarehe zake zilichapishwa pembeni ya kurasa za Biblia nyingi za Kiingereza, na wasomaji wakazoea kuziona kana kwamba ni sehemu ya Maandiko.

Mbele ya hapo, Wakristo hawakuwa na sauti moja. Agostino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 5 juu ya kitabu cha Mwanzo. Aliona kwamba siku sita za uumbaji si lazima ziwe siku za saa 24. Tena aliwaonya Wakristo wasiseme ovyo juu ya jua, mwezi na nyota kwa jina la Maandiko mbele ya watu wanaojua mambo hayo, kwa kuwa watu hao wakikuta makosa katika jambo wanalolijua, hawatakubali kusikia juu ya ufufuko. Mwafrika huyo alisema hayo miaka 1.600 iliyopita.

Handaki la mfalme Hezekia

Umri wa dunia ni swali moja. Kuaminika kwa Biblia kama kitabu chenye habari za historia ni swali lingine, na hapo fizika ina mengi ya kusema.

Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 20, kinasema kwamba mfalme Hezekia wa Yuda alitengeneza birika na mfereji na kuleta maji ndani ya mji. Handaki lipo Yerusalemu mpaka leo. Lina urefu wa metre 533 na limepigwa ndani ya jiwe gumu. Mwaka wa 1880 maandishi ya Kiebrania cha kale yalionekana kwenye ukuta wake. Yanaeleza kazi ambayo mchimbaji yeyote wa Likasi angeielewa mara moja: vikundi viwili vilichimba kutoka pande mbili, vikasikia sauti za wenzao ndani ya jiwe, mpaka sururu zikakutana na maji yakapita. Maandishi hayo hayataji mfalme. Basi, watu wengine walidai kwamba handaki ni la miaka mingi baada ya Hezekia.

Mwaka wa 2003 Amos Frumkin, Aryeh Shimron na Jeff Rosenbaum walitoa jibu katika jarida la Nature. Walitumia saa mbili. Ya kwanza ni kaboni 14: ndani ya lipu ya zamani ya handaki mlikuwa na vipande vya mimea, na mmea ulionaswa ndani ya lipu hauwezi kuwa mdogo kuliko lipu yenyewe. Ya pili ni urani. Maji yanayopita ndani ya mawe yanabeba urani kidogo, lakini hayabebi thoriamu. Yanapodondoka kutoka dari na kujenga mawe kama vidole, urani inafungwa ndani na kuanza kugeuka kuwa thoriamu. Kwa hiyo kipimo cha thoriamu kinaonyesha jiwe hilo lilianza lini kuota, na handaki lazima liwe limechimbwa mbele ya hapo.

Saa hizo mbili zililibana handaki kutoka pande mbili, kama wale wachimbaji. Matokeo: karibu mwaka wa 700 mbele ya Kristu, wakati wa Hezekia. Baadhi ya wataalamu bado wanabishana kama kazi ilianza kidogo mbele yake au iliisha nyuma yake. Lakini dai la kwamba handaki ni la karne nyingi baadaye limekufa. Tena adui wa Hezekia, Senakeribu mfalme wa Ashuru, aliacha maandishi yake mwenyewe juu ya vita vya mwaka wa 701. Anajisifu kwamba alimzingira Hezekia ndani ya Yerusalemu, lakini hasemi kwamba aliuteka mji. Biblia nayo inasema mji haukutekwa.

Je, maneno yamefika vilevile?

Swali lingine linaloulizwa sana ni juu ya kunakiliwa kwa Biblia. Imenakiliwa kwa mkono kwa karne nyingi. Nani anajua kama maneno hayakubadilishwa?

Mpaka mwaka wa 1947 jibu lilikuwa gumu. Biblia nzima ya Kiebrania ya zamani kuliko zote iliyohifadhiwa ni ya mwaka wa 1008 hivi. Ndipo wachungaji wa mbuzi walipokuta mitungi yenye hati za ngozi ndani ya pango la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Moja ilikuwa kitabu cha nabii Isaya, sura zote 66, kwenye ngozi yenye urefu wa zaidi ya metre 7.

Wakati huohuo, Mmarekani Willard Libby alikuwa ametengeneza saa ya kaboni 14. Kaboni hii inazaliwa juu angani, mimea inaivuta, wanyama wanaila ndani ya mimea. Kiumbe kikifa, hakipokei tena, na nusu ya iliyomo inapotea kila miaka 5.730. Saa hii haifai kwa mawe ya mamilioni ya miaka, kwa sababu baada ya miaka 50.000 hivi haibaki kaboni ya kutosha kupimwa. Kwa ngozi na nguo za zamani inafaa sana. Libby alipima kitani kilichofunga hati za Qumran akapata mwaka wa 33 hivi, ikiwa na nafasi ya kukosea ya miaka 200 mbele au nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maabara ya Zurich, kwa kutumia kipande kidogo tu cha ngozi, ilionyesha kwamba hati ya Isaya ni ya zaidi ya miaka 100 mbele ya Kristu.

Basi wataalamu waliweza kulinganisha nakala mbili zilizotengana kwa zaidi ya miaka 1.000. Tofauti zipo nyingi, lakini sehemu kubwa ni za tahajia na maneno madogo. Isaya anayesomwa leo ni Isaya aliyesomwa wakati wa Yesu.

Lakini Qumran ilionyesha pia upande mwingine. Kitabu cha Yeremia kilikuwepo katika namna mbili, moja ndefu na moja fupi yenye mpangilio tofauti, na zote mbili zilisomwa na Wayahudi wa wakati ule. Anayesema kwamba hakuna hata herufi moja iliyobadilika katika vitabu vyote hasemi kweli. Anayesema kwamba kila kitu kiligeuzwa naye hasemi kweli.

Fizika imesaidia pia kusoma kisichoweza kufunguliwa. Mwaka wa 1970 hati iliyoungua kama kaa la moto iliokotwa katika sinagogi la En-Gedi. Ukiigusa inavunjika. Ilikaa zaidi ya miaka 40 bila kusomwa. Mwaka wa 2015 Brent Seales wa Chuo Kikuu cha Kentucky na timu yake waliipitisha kwenye skana ya eksirei, kama mgonjwa hospitalini, halafu kompyuta ikaikunjua kwenye picha. Yalikuwa maneno ya mwanzo wa kitabu cha Walawi, sawasawa na maandishi ya Kiebrania yanayotumiwa leo.

Kwa Agano Jipya ushahidi ni wa namna nyingine. Kipande cha papirusi cha Injili ya Yoane kilichohifadhiwa Manchester, chenye maneno ya Yesu mbele ya Pilato, kinawekwa na wataalamu wengi katika karne ya 2, kwa kuangalia namna ya mwandiko. Mwaka wa 1961 jiwe lenye jina la Pontio Pilato lilichimbuliwa Kaisaria. Mwandishi Mroma Tacitus, ambaye hakuwa Mkristo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba Kristu aliuawa chini ya Pilato. Magumu pia yapo: Injili ya Luka inaunganisha kuzaliwa kwa Yesu na hesabu ya watu wakati wa Kurenio, lakini hesabu ya Kurenio inayojulikana katika historia ilifanyika mwaka wa 6, miaka mingi baada ya kufa kwa Herode. Wataalamu wanaijadili mpaka leo.

Mahali fizika iliposema hapana

Shahidi anayekubali kila kitu si shahidi. Saa hizi zimewahi kusema hapana, na ndiyo sababu zinapaswa kusikilizwa zinaposema ndiyo.

Mwaka wa 1988 maabara tatu, za Oxford, Zurich na Arizona, zilipima sanda ya Torino, ambayo wengi wanaamini ilifunika mwili wa Yesu. Zilipata kwamba kitani ni cha kati ya mwaka wa 1260 na 1390. Mwaka wa 2020 jumba la makumbusho ya Biblia la Washington, lililofunguliwa na Wakristo wenyewe, lilitangaza kwamba vipande vyake vyote 16 vilivyodaiwa kuwa vya Bahari ya Chumvi ni vya uongo. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba wino uliwekwa juu ya ngozi iliyokuwa tayari imezeeka na kupasuka.

Huko Yeriko, Mwingereza Kathleen Kenyon alichimba katika miaka ya 1950 akaona kwamba mji wenye ngome uliharibiwa karibu mwaka wa 1550 mbele ya Kristu, muda mrefu mbele ya wakati ambao wengi wanauweka kwa Yoshua. Punje za nafaka zilizoungua, zilipopimwa kwa kaboni 14 katika miaka ya 1990, zilionyesha pia karne ya 16. Hapo msomaji wa kitabu cha Yoshua ana kazi ya kufanya, na hakuna faida kumficha.

Kuna pia ile habari inayozunguka kwenye simu, kwamba kompyuta za NASA zilikuta siku moja inayokosekana, siku ambayo Yoshua alisimamisha jua. Habari hiyo ilianza kuenea Marekani karibu mwaka wa 1970, na NASA yenyewe iliikana. Hakuna hesabu inayoweza kukuta siku inayokosekana, kwa kuwa hakuna kalenda nyingine ya kulinganisha nayo. Anayeituma hamsaidii Mungu. Anamwandaa kijana kuona aibu siku atakapojua ukweli.

Padri aliyemwonya Papa

Mtu aliyeonyesha kwamba ulimwengu wote unapanuka kutoka mwanzo mmoja alikuwa padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, alipewa upadri mwaka wa 1923, akawa mwalimu wa fizika Louvain. Mwaka wa 1927 alitumia kanuni za Einstein kuonyesha kwamba anga lenyewe linapanuka, na mwaka wa 1931 akapendekeza kwamba kila kitu kilianza na kile alichokiita atomu ya kwanza. Leo umri wa ulimwengu unahesabiwa kuwa karibu miaka miliari 13,8.

Mwezi wa kumi na moja 1951, Papa Pio wa 12 alisema hadharani kwamba sayansi hiyo inashuhudia uumbaji. Mtu angedhani padri Lemaître angefurahi. Hakufurahi. Kwake, fikra yake ilikuwa ya fizika na inaweza kusahihishwa kesho. Imani iliyofungwa kwenye hesabu itaanguka siku hesabu itakapobadilika. Alipeleka wasiwasi wake Roma, na Papa alipozungumza na wataalamu wa nyota mwaka uliofuata, hakurudia dai hilo.

Kongo nayo ilikuwa na padri wa namna hiyo. Monsinyori Luc Gillon, Mbelgiji na daktari wa fizika, aliongoza Chuo Kikuu cha Lovanium kilichofunguliwa mwaka wa 1954 katika mji unaoitwa leo Kinshasa. Mwaka wa 1959 alisimamisha hapo TRICO, tanuru la kwanza la atomu katika Afrika yote. Padri aliadhimisha misa na kusimamia maabara ya atomu, katika nchi ambayo urani ya Shinkolobwe ilitoka, na hakuona kwamba kimoja kinafukuza kingine.

Jibu kwa mtoto wa Kikula

Kutokana na hayo yote, yanatoka maswali matatu ambayo mzazi, mwalimu au mhubiri anaweza kuyatenganisha. La kwanza: kitu hiki kina umri gani? Hapo fizika inajibu, na inajibu vizuri, iwe jiwe la Shinkolobwe, lipu ya Yerusalemu au ngozi ya Qumran. La pili: maneno yamefika salama, na matukio yanayotajwa yalitokea? Hapo fizika inasaidia, lakini inahitaji wanahistoria, wasomaji wa lugha za kale na wachimbaji wa magofu. Na jibu linatolewa kitabu kwa kitabu, tukio kwa tukio. La tatu: Mungu alisema ndani ya mambo hayo? Hapo hakuna chombo cha kupimia. Kaboni 14 inaweza kueleza umri wa ngozi ambayo juu yake jina la Mungu limeandikwa. Haiwezi kueleza kama Mungu yupo, wala kama kaburi lilikuwa wazi.

Ujumbe mwingine ukifika kwenye simu, msomaji anaweza kuuliza: nani alipima? Alipima nini? Maabara nyingine ilipata matokeo yaleyale? Kama ujumbe hautaji mtu, mahali wala mwaka, ni afadhali ukae hapohapo usiende kwa mwingine.

Na mtoto anayeuliza nani anasema kweli kati ya mwalimu na mhubiri anastahili jibu lisilomlazimisha kumfukuza mmoja wao. Mwalimu amesema kweli juu ya umri wa mawe. Mawe ya nchi yake mwenyewe yanamshuhudia. Mhubiri aliyetaja miaka 6.000 alibeba hesabu ya askofu wa mwaka wa 1650, si neno la Maandiko. Kosa hilo la hesabu haliamui lolote juu ya Yesu wa Nazareti. Juu yake, mtoto atalazimika kusoma mwenyewe, kwa akili ileile anayoipeleka darasani.